Tata, Siku Ile Simu Haikukatika

Tata,

Watoto wa Birongo uliwafundisha kwamba barua huanza kwa kuuliza hali ya unayemwandikia. Mstari huo nimeuanza mara kadhaa na kila mara nimeukata. Nitakuulizaje hali leo, na ulipokuwa hai nilikuwa na kila nafasi ya kuuliza nikanyamaza?

Ni mimi Moraa, mke wa mwanao Omwenga. Nimekaa sebuleni kwako, kwenye kiti cha pembeni, maana kile chako hakuna anayekikalia. Ni Jumapili alasiri, Mama amelala chumbani baada ya chakula, na mvua inajikusanya upande wa Nyamira. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichofundisha mpaka ukastaafu, na pia kwa sababu kwa Kigusii maneno haya hayanitoki. Kwa Kigusii mkamwana hana namna ya kumwambia baba mkwe ninayotaka kukwambia. Kwa Kiswahili aibu inapungua kidogo. Ngeli zikinipiga chenga, nisamehe kwanza kabla ya kunisahihisha, ingawa najua utaanza na kunisahihisha.

Acha nikupe habari za nyumbani. Kanisa limejaa tena. Siku ya Sabato watu wanabanana kwenye mabenchi kana kwamba hapakuwahi kuwa na wakati wa kuketi mbalimbali na kuogopana pumzi. Ule mtamba wako ulizaa, na ndama wake naye akazaa. Nyaya za intaneti zimefika mpaka sokoni, na vijana wanashinda nje ya maduka na simu zao kama kuku wanaoota jua. Mtoto wa binti yako Kerubo, yule ambaye Mama alikwenda Nairobi kumpokea, ameanza shule na ana maneno mengi. Anataka kujua mbona babu yake kwenye picha ana kalamu mfukoni. Omwenga alihama Nairobi, anafanya kazi Kisii mjini, na sasa tunaishi nyumba moja kama watu waliooana.

Halafu kuna Mama. Ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Tata, huku wanasema ulikufa njaa. Samahani kukuletea maneno kama hayo, lakini sina njia ya kuyapamba. Wazee waliokuosha waliona mbavu zako, wakaenda wakawaambia wake zao, na wake zao wakaja na maneno hayo kwenye kituo cha kupimia majani ya chai. Kwamba mke alikwenda kukaa kwa binti yake Nairobi, akanenepa kwa chapati za mjini, akamwacha Mwalimu akikauka peke yake. Hospitali ilisema ni ugonjwa wa sukari, na sisi tumesema hivyo tangu siku ya mazishi, lakini Birongo wameamua kwamba sukari haikaushi mtu namna ile. Mke wa Mzee Nyangau, aliyekuwa akikuletea chakula kila siku, ameapa kwamba sahani zako zilirudi tupu. Wanamjibu kwamba labda ulikuwa ukiwapa mbwa.

Usoni hawamwambii kitu. Wanachofanya ni kunyamaza Mama anapofika na kikapu chake, kisha wanaanza kuongea habari za mvua. Na Mama hajawahi kujitetea hata siku moja. Anapima majani yake, anashukuru, anarudi nyumbani. Nilipomwambia awajibu, aliniambia, "Si uongo, nilienda." Akaendelea kuchambua mboga zake za chinsaga kama hakuna kilichosemwa.

Na mimi muda wote huo nilikuwa nimekalia kitu ambacho kingemtoa midomoni mwao.

Unakumbuka ilivyoanza. Mama alikwenda Nairobi kumwangalia Kerubo aliyekuwa karibu kujifungua, ili akae naye kidogo kisha arudi kabla ya palizi. Mtoto akazaliwa, na wiki hiyo hiyo wakafunga barabara za kutoka Nairobi kwa sababu ya korona. Mama akawa huko kwa Kerubo na mumewe, Omwenga naye huko huko kwenye chumba chake cha kupanga, wewe Birongo peke yako na ng'ombe, na mimi Kiogoro na binti yetu. Mimi sikufungiwa na mtu. Kutoka Kiogoro hadi kwako si safari ya kufunga mizigo. Lakini kazi yangu ilikuwa ya kampuni ya intaneti, na mwaka ule kila mtu alitaka intaneti. Walimu walitaka, wenye maduka walitaka, wazazi waliotaka watoto wasome nyumbani ndio usiseme. Nilishinda nikiingia nyumba za watu na fundi, nikirudi jioni nikijisugua mikono hadi inawaka. Wazee ndio ugonjwa ulikuwa unawamaliza. Nikajiambia, nikienda kwa Tata nitampelekea kifo.

Basi nikakuletea intaneti badala ya kuja mwenyewe. Nilimbembeleza fundi mwenzangu akaja kuweka kile kisahani juu ya bati lako, na Omwenga akanunua televisheni. Ulisimama mbali kabisa katikati ya shamba lako la chai na barakoa usoni, ukimwelekeza fundi kwa fimbo mahali pasipovuja. Akakuachia na simu ya kupangusa, akakuonyesha jinsi ya kupokea. Ukaniambia baadaye kwamba yule kijana hana adabu, amekufundisha mambo mengi bila kukuuliza kwanza kama umeelewa la kwanza. Nilicheka hadi binti yetu akaja kuona kuna nini.

Halafu tukakupigia simu ya video, wote kwa pamoja, Omwenga na Mama na Kerubo kutoka Nairobi na mimi kutoka Kiogoro. Uso wako ulitokea, umevaa kofia, umekunja kipaji. Ghafla ukafunika simu kwa kiganja. Tukabaki tunatazama giza la mkono wako na kusikia sauti yako tu: "Moraa, hicho kilicho nyuma yako ni kitanda?"

Kilikuwa kitanda, Tata. Nyumba ya Kiogoro ilikuwa chumba kimoja na pazia, na pazia nilikuwa nimelifua.

Mtu asiye wa kwetu angecheka. Lakini sisi tunajua ensoni ni nini. Baba haingii ovyo nyumba ya mwanawe aliyeoa, sembuse kutazama kitanda chake. Mkamwana hamwoni baba mkwe akiwa hajavaa sawasawa. Tangu niolewe hukuwahi kuvuka mlango wangu. Ulikuwa ukija unasimama uani unakohoa, nami nakutolea kiti na chai, na ulikuwa ukiinywa ukiangalia barabara. Sasa mimi nilikuwa nimekuingiza chumbani mwangu kwa nguvu za mtambo. Ukasema kwa ile sauti yako ya darasani, "Mimi siwezi kuingia kwa mwanangu kwa kupitia dirisha." Omwenga akakuambia, basi zungumza na Mama peke yake. Ukakataa pia, kwa sababu Mama alikuwa nyumbani kwa mkwe, na huko nako hukutaka kuchungulia.

Ndipo ukaja na ile hekima yako. Kila tulipopiga simu, ulikuwa ukiigeuza ikatazama nje. Tukawa tunaona chai yako, ng'ombe wako, mgomba ulioangushwa na upepo, jirani akipita na punda, huku sauti yako ikitoka nyuma kama ya mtangazaji. "Hii hapa nimepalilia jana. Huyu hapa anakataa kunyonyesha." Kerubo alikuwa akilia kwa kuiona nyumbani. Mama alikuwa akikuamuru uende upande wa mbuzi, na unakwenda. Tulizoea. Tukasema angalau tunamwona Tata kila siku. Tulikuwa tunaona shamba, Tata. Wewe hatukukuona tena hata mara moja, na hakuna aliyelitambua hilo.

Nitakwambia ukweli mwingine unaoniuma. Nilikuwa na furaha siku zile. Watu walikuwa wakizikwa haraka haraka na mimi nilikuwa na furaha, kwa sababu kwa mara ya kwanza tulikuwa tukizungumza. Uso kwa uso tulikuwa na maneno ya salamu tu na chai. Kwenye simu, wewe ukiwa nyuma ya kamera nami nikiwa nimeifunga yangu, ulinisimulia ulivyomposa Mama kule Marani, ulivyofeli mtihani wa kwanza wa ualimu, ulivyomwogopa mkaguzi. Ulinifundisha hata namna ya kumkemea mume wangu bila kumwaibisha, halafu ukasema, "Usimwambie ni mimi." Nilikuwa nikimaliza kazi najikuta naharakisha kurudi nyumbani ili nikupigie.

Na ile televisheni. Sabato ya kwanza ulivaa suti, tai na barakoa ukakaa mbele yake. Mchungaji alipowaamuru waumini wasimame, ukasimama. Jumapili yake ukaniuliza kama mchungaji anakuona. Nikasema haoni. Ukafikiri, ukasema, "Hata hivyo." Mzee Nyangau alipokusikia ukiimba peke yako, akaja kwenye ua na kigoda. Sabato iliyofuata akaja na mkewe. Ukaona haifai kuwaacha wachungulie kama wezi, ukaisogeza televisheni dirishani ikatazama nje, nao wakakaa kwenye nyasi mbalimbali, kila nyumba na kigoda chake, wewe ndani ya koti lako kubwa na barakoa. Wakawa wengi. Wakatoka mpaka upande wa pili wa mto. Wale ambao ndugu zao wa Nairobi walitokea kutoa ushuhuda kwenye ibada ya televisheni, walikuwa wakipiga kelele za furaha wakiwaona.

Nyangau alinipigia simu akaniambia, "Wewe msichana, umetuletea kanisa kwa waya." Nilijaa, Tata. Nilitembea Kisii mjini nimejaa kama puto. Mimi ndiye niliyewaunganisha. Mimi ndiye niliyemkinga baba mkwe na upweke. Katika hao wote waliokuwa kwenye nyasi, hakuna aliyejua kilichokuwa chini ya lile koti, na mimi nilipojua, sikusema.

Nafika sasa.

Ilikuwa Sabato mchana, baada ya ibada. Nilikupigia peke yangu, ukanionyesha jinsi watu walivyoondoka na kuacha nyasi zimelala. Ukaaga. Mimi nikasubiri ukate, kwa sababu mdogo hamkatii mkubwa simu, na wewe ukadhani umekata. Ukaiegemeza simu mahali, labda kwenye redio. Nikaona ukuta, kalenda, kona ya meza. Nikaona mkono wako ukimimina maji kwenye kikombe, ukanywa, ukamimina tena, ukanywa, ukachukua jagi lenyewe. Kisha ukavua koti. Kisha ukavua shati.

Tata, ulikuwa umekwisha. Mabega yako yalikuwa yamebaki mifupa ya kutundikia shati. Ngozi ya mgongo ilikuwa imelegea. Uligeuka nikaona kifua, na mbavu nikaziona moja moja.

Nikaigeuza simu kifudifudi juu ya kitanda. Halafu nikakitafuta kitufe cha kukata kwa kupapasa, macho yamefumbwa, kama mtu anayezima moto wa aibu. Na sikiliza kilichonitisha: si kwamba unaumwa. Ilikuwa kwamba nimekuona. Nilijihisi mchafu. Nilifikiria, akijua itakuwaje, tutazungumza tena vipi, atanipigia tena? Mama yangu mzazi alinilea vizuri, na siku hiyo malezi yake yote yalikuja yakanisimamia mlangoni.

Ningemwambia nani? Omwenga? Ningeanzia wapi, nimemwona baba yako kifua wazi? Nilikaa na maneno hayo mdomoni wiki nzima. Nikajitafutia visingizio. Nikasema ni mwanga wa simu. Nikasema wazee hukonda. Nikasema ni upweke, Mama akirudi atanenepa. Nikakuuliza kwa kuzunguka, "Tata, unakula vizuri?" Ukajibu, "Nakula vizuri sana, mbuya mono, hata maji ya kisima cha Nyangau siku hizi yamekuwa matamu sana." Yale maji, Tata. Uliyasifu kila siku. Ulisema unaamka usiku kuyanywa. Mtoto wa shule angesikia ugonjwa kwenye maneno hayo, nami nikacheka nawe.

Ulikuwa ukifundisha ile methali, mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi niliyaficha maradhi yasiyo yangu, na kilio kikaja kuwaumbua wengine.

Sabato moja majirani walikuja wakakuta televisheni haijageuzwa dirishani, inahubiri yenyewe ndani. Nyangau alikukoholea, akabisha, akavunja mlango. Alinipigia akisema maneno yasiyoeleweka. Nilifika, naam, siku hiyo nilifika upesi sana, sikuogopa kukuambukiza tena. Ulikuwa umeshapandishwa kwenye gari. Hospitalini daktari alisema sukari imepanda kupita kipimo chake. Akauliza mimi ni nani, na kama hatukuona mzee anakonda. Nikasema hatukuona.

Nilisema hatukuona, Tata. Hivyo hivyo. Na ukafa usiku huo bila kuzinduka.

Mazishi unayajua yalivyokuwa nyakati zile. Watu wachache, polisi kando, kila kitu mbio mbio. Mwili haukulala nyumbani kama inavyostahili. Mama na wanao hawakupata kibali kwa wakati, kwa hiyo kazi ya kuwaonyesha ikawa yangu, maana mimi ndiye mtu wa mtandao. Nilisimama karibu na kaburi kuliko mkamwana yeyote alivyowahi kusimama, nimeinua simu. Nilisikia Mama akiniambia kutoka huko, "Sogea, Moraa, simwoni." Nikasogea. Udongo ulipoanza kuanguka picha ikakwama, wao wakabaki wanatazama sanduku lililosimama hewani hadi mambo yakaisha. Watu walinishukuru sana. Waliniambia, lau si wewe, tungemkosa kabisa.

Basi ndivyo nilivyoishi. Mama aliporudi alikuta kaburi lina nyasi na maneno yameshaota. Kila alipotazamwa vibaya nilisema, kesho nitasema. Kesho ikawa miaka.

Jana tulipotoka kanisani, mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, Mama akiwa amewapa mgongo, kwamba wengine wanaimba vizuri na waume zao wamelala na njaa. Mama alisikia. Niliona shingo yake ikikaza. Hakugeuka. Tulitembea hadi nyumbani, na aliponishukuru kwa kumbebea kikapu ndipo niliposhindwa. Nilikaa chini kwenye ngazi ya mlango wako nikamwambia yote. Jagi, koti, shati, mbavu. Nilivyoigeuza simu. Nilivyomwambia daktari hatukuona. Nilimwambia, kama kuna mtu wa kunyooshewa kidole Birongo hii ni mimi, na Sabato ijayo nitasimama mbele ya watu niseme.

Mama alikichukua kikapu chake. Nilidhani atanifukuza. Kisha akasema, "Alijua."

Sikuelewa. Akasema kwamba jioni ile ile ulimpigia, sauti tu. Ukamwambia umefanya makosa, hukuikata simu, na mkamwana amekuona bila shati. Ulikuwa umeaibika sana. Ukamwomba asinitajie kamwe. Ulisema, "Nikimtazama na akijua najua, hatazungumza nami tena, na yeye ndiye pekee niliye naye huku." Mama akacheka, akakwambia wewe mzee nani anataka kukutazama, nawe ukacheka, yakaisha. Hukumwambia kwamba umekonda. Naye hakuuliza mkamwana aliona nini hasa, kwa sababu hilo nalo haliulizwi.

Nimelia tangu jana, Tata. Wewe ulinyamaza usiniaibishe, mimi nikanyamaza nisikuaibishe, Mama akanyamaza asituaibishe sote wawili. Tulikuwa na kila mtambo wa kuzungumzia. Kama mmoja wetu angekuwa na adabu mbaya kidogo tu, ungekuwa hapa unanisahihisha barua.

Lakini sikuanza kuandika kwa sababu ya hilo tu. Mama alipomaliza, alinitazama kwa namna ambayo hajawahi. Akasema, "Basi kama wewe ni mtu wa kuona, tazama na hii." Akavua kiatu, akavua soksi, akafungua kitambaa. Chini ya kidole gumba kuna kidonda, Tata. Kikubwa, chenye weusi pembeni, na hakimuumi, ndilo linalonitisha. Alisema alijikwaa kwenye kisiki cha chai wakati wa palizi na hakijafunga tangu hapo. Na kiu anayo. Amekuwa akiamka usiku kunywa maji. Nikamuuliza mbona hukusema, na wanao wote wako hapa karibu? Akanijibu taratibu, kama mtu anayetaja bei ya sukuma wiki, kwamba yeye alimwacha mumewe, kwa hiyo kikija na kwake, ni haki yake.

Umeona kilichofanywa na kimya changu? Hakikuishia kwako. Kimekuwa kikioza mguuni mwake, naye akidhani ni malipo.

Nimempigia Omwenga. Nimemwambia kila kitu, la baba yake na la mama yake, kwa Kigusii, bila kuzunguka. Alilia, kisha akauliza tunaondoka saa ngapi. Kesho alfajiri anatuchukua na gari, tunampeleka Mama hospitali. Sijui watasema nini kuhusu ule mguu. Naogopa. Na Sabato nitasimama kanisani kama nilivyoahidi. Mama amesema si lazima, nimemwambia ni lazima. Nitawaambia Mwalimu alikuwa akila, na nitawaambia nani alimwona.

Siombi unisamehe, kwa sababu kwa jinsi ulivyo najua ulishanisamehe jioni ile ile, na hapo ndipo panaponiuma zaidi. Ninakuahidi hili moja. Kesho daktari akiuliza nani anamuuguza, nitasema ni mimi. Akiuliza tumeona nini, nitamwambia nilichokiona, chote, hata yale yasiyosemwa na mkamwana. Mama nitamtazama. Akivaa vizuri nitamtazama, na akivua nitamtazama.

Pumzika, Tata. Lala salama kwenye udongo wako. Mvua imeanza, na Mama ameamka, ananiita kutoka chumbani. Anataka nije nimwoshe mguu. Naenda.

Mkamwana wako,
Moraa